Mwaka Baba Mkubwa Alipoengua Mafuta

Siku ile pale dimbwini tulikuwapo hawa. Baba mkubwa, yaani kaka yake marehemu baba yangu, ndiye mwenye shughuli. Mke wake, niliyemwita mama mkubwa, ambaye upande wetu wote hakuna mwanamke aliyemshinda kwa kutengeneza samli. Mama yangu mzazi, mjane, mtu wa Ukerewe, kwao si mbali na Nansio. Bibi mzaa baba, aliyewazaa wote wawili, baba yangu na baba mkubwa. Mzungu mmoja aliyekuwa akipita kugongagonga mawe, pamoja na mkalimani wake, mtu wa pwani mwenye kanzu. Mdogo wangu wa kike, nimemshika mkono. Na mimi. Majirani walikuwapo pia, wengi, lakini wao walikuja kutazama. Nikiwapanga wote hapa hatutamaliza.

Majina yao ninayo, hata ya hao majirani, na ya baba zao pia. Siyaandiki kwa sababu wajukuu zao wapo, wengine tunasali pamoja, na habari yenyewe ina kicheko ndani. Anayejijua atajijua.

Nianze na mahali. Ni upande wa Nyakato, huku ambako sasa kuna viwanda na nyumba za wafanyakazi zimebanana. Wakati ule, kabla ya ile vita kubwa ya pili, palikuwa mihogo, ng'ombe na mawe. Kijito kilishuka kutoka mlimani. Juu kabisa, katikati ya mawe makubwa, palikuwa na mahali petu wanawake: pa kuogea, pa kufulia, pa kuoshea vyombo vya maziwa na vyungu vya mafuta. Chini ya mawe hayo maji yalipotea kidogo, halafu yakatokea tena kwenye dimbwi. Chini ya dimbwi kulikuwa na jaruba la mpunga la mama yangu. Baada ya jaruba ni mafunjo, kisha ziwa. Ndiyo hivyo, kutoka juu kwenda chini.

Na hapo kwetu wanawake mwanaume hakanyagi. Haikuwa sheria ya serikali, ilikuwa adabu tu, lakini ilishikwa kuliko sheria. Mwanaume akitaka kupita mlimani alizunguka mbali, tena anakohoa njia nzima ili asikike. Baba mkubwa alikuwa amezaliwa pale, ameoa pale, na hakuwahi kuona kilichokuwa juu ya mawe yale.

Sasa mama yangu. Baba alikufa mdogo wangu akiwa bado ananyonya. Ilitakiwa mama arithiwe na mdogo wake baba, naye akakataa. Alisema nimeolewa mara moja imetosha. Mambo yangeweza kumwendea vibaya, lakini babu, kabla hajafa, alisema mbele ya watu kwamba jaruba lile la maji ni la mama mpaka sisi mabinti tuolewe. Basi akakaa kwa neno hilo. Majaruba mengine yote yalikuwa na wenyewe, na kule juu ni mawe matupu. Kama jaruba lingeondoka, mwanamke asiye na mume wala shamba angekaa pale kama nani? Angerudi Ukerewe. Na angerudi peke yake, maana ng'ombe wa mahari walishatolewa kwa baba yake, hivyo sisi watoto tulikuwa wa huku. Hakuna aliyetukalisha chini kutueleza hayo. Mtoto huyajua tu, kama anavyojua ni mbwa gani anauma.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, nataka mnielewe. Alikuwa mtu wa kutamani makubwa. Alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ng'ambo ile, akarudi na kaptula, kofia, na maneno mengi. Kule aliona taa za kupampu zinazonguruma, zinang'aa mpaka mende wanajificha. Sisi nyumbani tulikuwa na kigae chenye utambi na mafuta ya nyonyo, au moto wa jikoni basi. Mafuta ya taa yalikuja Mwanza kwa meli na kwa reli, kwenye madebe, na Mhindi wa dukani aliyapima kwa kikopo kidogo huku amekodoa macho tone lisizidi. Baba mkubwa alisikia kule machimboni kwamba mafuta hayo hutoka ardhini, yanachimbwa kama maji. Hilo lilimwingia kichwani likakaa.

Asubuhi moja tulisikia ukelele kutoka dimbwini. Tukakimbia. Tulimkuta amesimama majini mpaka magotini, mkononi ana kijinga cha moto. Kule ukingoni, penye matope na majani yaliyooza, mapovu huwa yanapanda, bwa, bwa, bwa. Alikuwa amechokoza matope kwa mguu na kusogeza moto.

"Mama!" alimwita bibi. "Mama, njoo uone, maji yanawaka!"

Bibi alikuja na fimbo yake, akatazama. "Kinachowaka ni ndevu zako," alisema. "Zime kwanza, mengine utatueleza."

Kweli ndevu za upande mmoja zilikuwa zimekunjamana. Lakini aliweza kurudia, na sote tukaona: povu likipasuka, moto wa buluu unaruka, pfff, unazimika. Halafu akatuonyesha juu ya maji, utando wenye rangi rangi kama upinde wa mvua. "Hewa inawaka," alisema, "na mafuta haya hapa juu. Mnataka nini tena?"

Yule Mzungu wa mawe alikuwa akipita kila mwaka, hukaa kidogo na hema lake karibu na ziwa. Alipopita tena, baba mkubwa alimfuata hemani akamleta. Mzungu akachuchumaa. Akatazama mapovu, akasema neno kwa mkalimani wake.

"Bwana anasema," mkalimani akatuambia, "hiyo ni hewa ya majani yaliyooza. Kando ya ziwa lote ipo. Ukitaka kuichoma choma, lakini haitakupikia ugali."

Majirani wakacheka. Mzungu akachukua kijiti, akagusa ule utando wa rangi. Ukavunjika vipande vipande, kama utando wa juu ya uji uliopoa. "Hii nayo ni kutu ya maji," mkalimani akasema. "Mafuta ya kweli ukiyapasua hujirudi yakashikana. Haya yamekaa mbalimbali kama watu waliogombana."

Baba mkubwa hakukata tamaa. Akampeleka pale maji yanapotokea chini ya mawe. Hapo palikuwa na macho ya mafuta hasa, madogo, ya mviringo, yanaelea. Mzungu akayagusa kwa kijiti, yakajirudi. Akayasugua kwa vidole, akanusa. Safari hii hakusema haraka.

Alichoagiza ni hiki. Kila mwezi unapoandama, baba mkubwa aengue pale chini ya mawe, ajaze chupa moja, aifunge, aiweke. Mwezi ujao nyingine. Asimwage hata moja. Yeye atakapopita tena mwaka ujao ataziangalia zote kwa pamoja, aone mafuta yanakwendaje mwezi hadi mwezi. Siku moja, alisema, haimwambii mtu chochote.

"Na yakiwa ya kweli?" baba mkubwa akauliza.

"Yakiwa ya kweli, Bwana atapigilia vigingi, kutoka kwenye mawe yale mpaka kwenye mafunjo."

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma, jembe begani. "Na anayelima hapo katikati?" akauliza.

Mkalimani akamtazama kama vile hakutegemea swali kutoka upande huo. "Atapewa pengine."

"Pengine wapi?"

Hilo mkalimani hakulipeleka kwa Mzungu. Alikunja kanzu yake, wakaondoka.

Baba mkubwa akamgeukia mama akicheka kwa furaha. "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Nitakujengea nyumba ya bati!"

"Mpunga nitaupanda juu ya bati?" mama alisema, akaenda zake kulima.

Basi mwaka ule ukaanza. Chupa aliziomba kwa Mhindi wa dukani, zile za dawa ya kikohozi, kwa sababu mama mkubwa ndiye aliyempelekea samli na walikuwa wanaheshimiana. Mwezi ukiandama, baba mkubwa alioga, akavaa kaptula yake, akashuka na kata kuengua polepole, utadhani anaengua maziwa ya mfalme. Alijaza chupa, akaziba kwa gunzi la mahindi, akaiweka juu ya ubao ndani ya nyumba yake, mlangoni. Maji hukaa chini, mafuta hupanda juu. Alipima kwa vidole: mwezi huu kidole, mwezi huu vidole viwili.

Alikataza mwanamke yeyote asiziguse. Alisema mafuta ya ardhini yana wivu, mkono wa mwanamke utayakimbiza. Sijui hilo alilitoa wapi. Kule machimboni, nadhani.

Miezi ya mvua, mafuta yalikuwa mengi. Vidole viwili, na ule mwezi wa mvua kubwa, vidole vitatu, ya rangi ya dhahabu. Watu wakaanza kuja. Wanaume walikaa mbele ya nyumba yake na pombe, wakitazama ubao ule kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani. Baba mkubwa akaanza kugawa kazi. Wewe utakuwa nyapara. Wewe utalinda usiku. Wewe unajua kuogelea, utakaa kwenye mashua ya kupeleka madebe. Wakampa jina la utani, Bwana Mafuta, na wengine walilitamka kwa dhihaka, lakini yeye aliitika kwa moyo wote.

Kulikuwa na mzee mmoja jirani, mbishi, aliyefungua gunzi akanusa. "Mbona yananuka kama jikoni?"

"Wewe umewahi kuyanusa yakiwa bado ardhini?" baba mkubwa akamuuliza.

"Sijawahi."

"Basi. Hayo ya dukani yameshaoshwa Ulaya."

Mzee akalirudisha gunzi. Na siku nyingine walipomwuliza kwa nini alfajiri ya baridi mafuta yanaganda ndani ya chupa, meupe, halafu jua likipanda yanayeyuka, alisema mafuta nayo yanalala. Hata hilo likakubaliwa. Alichovya utambi akawasha mbele yao, ukawaka vizuri. Nani angebishana na kitu kinachowaka?

Mvua zilipopungua, mafuta yakapungua naye akapungua. Hakula vizuri. Halafu mwezi wa kuvuna karanga yakarudi, ya njano, mepesi. Akasema yametoka tabaka lingine. Mwezi uliofuata yalikuwa mazito, meusi kidogo, akasema sasa tumefika kwenyewe. Halafu jua kali. Ng'ombe wakapelekwa mbugani mbali kutafuta majani, maziwa yakaisha, watoto tukakunywa uji mtupu. Na dimbwini hakukutokea kitu. Chupa mbili alizijaza maji matupu, kwa sababu Mzungu alisema kila mwezi, akaziweka ubaoni pamoja na nyingine. Mapovu tu ndiyo yaliongezeka, kwa kuwa maji yalishuka na matope yalipata moto wa jua, na yeye alikaa pale ukingoni akiyachoma moja moja kama mtu anayetafuta kujifariji.

Mama yangu wakati huo alipalilia jaruba lililokauka. Lilikuwa limepasuka pasuka, hakuna cha kupalilia. Lakini alikwenda kila siku. Nadhani alitaka aonekane yupo.

Mvua zikarudi, ng'ombe wakarudi, maziwa yakarudi. Na mafuta, hayo, vidole viwili mara moja. Baba mkubwa alicheza ngoma peke yake mbele ya nyumba, bila ngoma.

Siku chache baadaye nilikwenda na mama na mama mkubwa juu ya mawe kuosha vibuyu. Kazi yetu sisi wadogo ilikuwa kutafuta kokoto laini. Unatia kokoto ndani ya kibuyu pamoja na maji ya moto, unatikisa mpaka mikono iume, unamwaga. Hata ukikikomba kibuyu namna gani, mafuta kidogo hubaki ndani, na usipoyatoa maziwa ya kesho yatachacha. Mama mkubwa alitikisa, akamwaga. Maji yakateremka juu ya jiwe, meupe meupe, macho ya mafuta yanang'aa juu yake, yakaingia kwenye ufa katikati ya mawe mawili. Alikuwa ameyamwaga hapo tangu aolewe. Siku ile sijui kwa nini aliyafuata kwa macho.

"Mdogo wangu," akamwambia mama, "huu ufa unatokea wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

Mama aliacha kutikisa. Wakatazamana. Mama mkubwa akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, na mama naye akashindwa, wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye maji na nguo zao.

"Ndiyo maana yanalala alfajiri!"

"Na yale ya njano, tulipokamua karanga!"

"Na ile nyonyo yako uliyoiunguza, dada. Tabaka jeusi!"

"Usinikumbushe! Tumefika kwenyewe!" Wakaanza tena.

Kisha mama akaacha kucheka. Akajipangusa uso. "Utamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwaka mzima ameweka samli yangu ubaoni, na kunikataza nisiiguse?"

"Dada, yule Mzungu akipigilia vigingi mimi naondoka."

"Huondoki."

"Nitakaa wapi? Kwa neno la nani? Naondoka, na hawa wanabaki." Akatutazama sisi wawili, mimi na mdogo wangu, kokoto mikononi.

"Basi mwambie wewe. Mdomo unao."

"Mimi niliyekataa nyumba ya mdogo wake? Atasema nimeyakimbiza kwa wivu. Na wote watamsadiki. Lazima atoke mtu ambaye hana jaruba pale."

Mama mkubwa alisokota kitambaa chake. "Unajua watamfanya nini kwenye pombe?" alisema mwishoni. "Ameshawagawia kazi. Watamcheka mpaka atahama. Mimi ndiye ninayelala naye, si wewe."

Wakabeba vibuyu, tukarudi. Kuanzia siku ile mama aliosha vibuyu vyetu mbali, upande wa pili wa mlima, nami nikawa nabeba maji ya moto njia nzima yakipoa. Lakini mama mkubwa hakuhama. Aliendelea kumwaga palepale kwenye ufa. Niliona, nikajua amechagua mumewe. Usiku nilimshika mama kanga nikalala nayo.

Mzungu akaja. Sasa turudi kwa wale niliowataja mwanzo, wamesimama pale dimbwini. Baba mkubwa alikuwa amezileta chupa zote, akazipanga juu ya gogo kwa mfuatano wa miezi. Kwa kweli zilipendeza. Ungesimama mbali ungeona mafuta yanapanda, yanashuka, yanapanda kidogo, yanakauka, yanapanda tena, kama mgongo wa milima ya kwetu. Mzungu alipita mbele yake, akarudi, akapita tena. Akauliza, na mkalimani akauliza.

"Hizi mbili zisizo na kitu, ni miezi gani?"

"Jua kali," baba mkubwa alijibu. "Ng'ombe walikuwa mbugani."

"Na hii ya njano?"

"Tulipovuna karanga."

"Hii nzito?"

"Mwezi wa nyonyo."

"Na hii ndefu kuliko zote?"

"Mvua kubwa. Mwezi ule maziwa yalikuwa yanamwagika."

Sisi miezi tuliihesabu kwa kazi, kwa hiyo alijibu alivyojibu siku zote, bila kuyasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona mkalimani akiuma mdomo wake wa chini. Mzungu alifungua gunzi moja, akanusa, akalifunga taratibu. Akanyoosha mkono kuelekea juu.

"Bwana anauliza, juu ya mawe yale kuna nini?"

"Juu ni kwa wanawake," alisema baba mkubwa. "Wanaume hatuendi."

"Anauliza, basi nani atamwambia?"

Watu wakageukia kundi letu sisi wanawake. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa, kidole cha mguu kinachora matopeni. Nilimtazama mama mkubwa. Alikuwa amejipaka mafuta, amevaa kanga yake nzuri ya kuendea mjini kwa Mhindi. Akatoka kwenye kundi letu, akapita mbele ya Mzungu bila kumtazama, akapiga magoti mbele ya mume wake.

"Baba," alisema, kwa sauti iliyowafikia wote, "mafuta haya ni yangu."

"Unasemaje?"

"Mimi ni mwanamke mvivu. Sikombi vibuyu. Samli inabaki ndani, mimi namwaga pale juu. Karanga naacha kwenye chungu, namwaga. Nyonyo niliiunguza nikamwaga. Wewe umehangaika mwaka mzima kuokota uharibifu wangu. Mgodi ni mimi."

Sasa, wanawake wote tuliokuwa pale tulijua kwamba anasema uongo. Vibuyu vya kila nyumba vilioshwa palepale, na chake ndicho kilichokuwa kikikombwa kuliko vyote. Kwa mwanamke wa samli kusema hadharani kwamba anamwaga mafuta, ni kama mchungaji aseme anapoteza ng'ombe. Mama yangu akafungua mdomo, mama mkubwa akamkata kwa jicho, akaufunga.

Bibi ndiye aliyetangulia kusema. Alipiga fimbo yake chini. "Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema, "mwanangu ameoa tajiri. Wengine wake zao wanamwaga majivu!"

Hapo watu wakacheka, na walimcheka mwanamke. Yule mzee mbishi alisema kumbe amri ya kutogusa chupa ilikuwa sahihi, mwenye mali alikuwa karibu. Baba mkubwa alicheka pia, kidogo, kwa kuchelewa, kama mtu anayeamshwa.

Mzungu alivua kofia yake akajipepea. Mkalimani akasema, "Bwana anasema mafuta ya chini ya ardhi hayajui mwezi wa karanga wala mwezi wa maziwa. Anakushukuru kwa kuweka kila mwezi, hata ile mitupu. Anasema hiyo mitupu ndiyo imemwambia zaidi." Akampa baba mkubwa mkono. Wakashuka kuelekea ziwani, na vigingi vyao wakavibeba vilevile walivyokuja navyo.

Watu walipotawanyika, baba mkubwa alisimama kwenye tuta la jaruba. Maji yalikuwa yameshaingia. Alikaa hapo akitazama. Mama alikuwa kando, hajui aende au abaki.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "miche yako imeshapita kimo. Panda mpunga."

Tulipanda siku iliyofuata, hata bibi alishuka akashika miche kadhaa ingawa mgongo haukumruhusu.

Jioni ya siku ile nilitumwa kwa mama mkubwa kuomba moto. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba. Baba mkubwa alikuwa peke yake mlangoni, ameshika kibuyu cha mkewe, amekiinamisha kwenye mwanga wa jua linalozama, anachungulia ndani. Akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa kikavu. Aliponiona akakirudisha kibuyu mahali pake, akanipa kijinga cha moto mwenyewe, jambo ambalo wanaume hawakufanya. Sikuwahi kusikia akimwuliza mkewe lolote.

Kwenye pombe walimtania kidogo wakachoka, maana shabaha yao ilikuwa imehama. Mama mkubwa ndiye aliyebeba. Sokoni wanawake wa mbali, wasiomjua, walimwita Mwaga-Samli. Hata Mhindi wa dukani alimwuliza kama ni kweli, na kwa muda alilichungulia debe lake kwanza kabla ya kulipokea. Mama mkubwa alijibu wote kwa kucheka. Lakini nilikaa naye sana, na najua siku alizokuwa hacheki.

Mama yangu alilima jaruba lile mpaka nikaolewa, akalilima mpaka mdogo wangu naye akaolewa. Kila mavuno, kapu la kwanza la mpunga halikuingia nyumbani kwetu. Lilikwenda kwa mama mkubwa, na mama alilibeba mwenyewe kichwani, akapita nalo njia ya katikati ambako watu walikaa, polepole, asalimiwe na kila mtu.

Ile chupa ya nyonyo bibi aliichukua, akawa anapaka magoti yake. Zile za samli zilichacha, zikapewa mbwa.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kuna mahali sina uhakika: sijui kama chupa nzito ilitangulia ile ya njano, na kama miezi mitupu ilikuwa miwili au mitatu. Pia dada mmoja wa ukoo anasema kanga ya mama mkubwa siku ile ilikuwa nyekundu, mimi naiona ya buluu. Kama bibi yako alikuwapo pale akakusimulia tofauti, niletee habari yake, nirekebishe nikiwa bado naona kuandika. Ila kuhusu kile kibuyu kilichokuwa kikavu, hapo nilisimama mlangoni mwenyewe.